Kibao cha Mpiga Ngumi na Samaki wa Jumamosi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kwanza simu wekeni chini. Nnawajua. Mnasoma mistari miwili, kidole kinakimbia, kisha mnakuja kuniuliza jambo ambalo nimeshalisema. Mimi sirudii. Skuli nilikaa miaka mitatu, chuoni nikahitimu Msahafu, na haya nnayaandika kwa mkono wangu. Mjukuu wangu nimempa ruhusa ya kutia vituo. Maneno nimemkataza asiyaguse.

Nnataka mjue kwa nini nyumba hii ya Sib, hapa Omani, inakula samaki baridi kila Jumamosi. Mmemla tangu hamjaota meno na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Mimi niliuliza. Nimeuliza zaidi ya miaka arubaini sikujibiwa, na jawabu limenijia wakati mwenye kujibu keshazikwa.

Ilikuwa amri ya babu yenu, marehemu mume wangu. Ijumaa, magharibi haijaingia, nguru awe ameshakaangwa. Vipande vinene, vimepakwa unga na yai, mafuta mengi. Apangwe kwenye sahani, afunikwe kawa. Jumamosi mchana anakuja mezani vile vile alivyo, baridi, na matango ya siki. Kumpasha moto hakuna. Sasa mimi nimezaliwa Unguja. Samaki kwetu ni wa kupaka, ni wa mchuzi wa nazi, na wa kukaanga analiwa vidole vikiungua. Kumwekea mume samaki aliyelala ni kumwambia kwamba humtaki. Mwaka wangu wa kwanza Maskati nilimpasha kwa siri. Alimega kipande kimoja, akanitazama, akaisukuma sahani.

"Huyu umemgusa."

"Nimempasha. Kwani wewe paka?"

"Jumamosi nnamtaka baridi."

"Umezoea wapi mambo haya?"

"Ulaya."

Basi. Kila nikiuliza jawabu ni hilo hilo, Ulaya, utadhani Ulaya nzima inakaa Jumamosi kula samaki baridi. Nikachoka. Nikakaanga Ijumaa, nikafunika, na kila Jumamosi nikanung'unika kidogo ili asije akadhani nimeridhika.

Ulaya yake ilikuwa London, upande wa mashariki wa mji. Mambo yalipoharibika Unguja tulitawanyika. Yeye alipata kazi ya chumba cha mashine kwenye meli, akateremka huko hana karatasi ya maana wala hana mtu. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Shangazi yangu alinichukua Mombasa, na huko nikamzaa mwanangu mkubwa, huyu mwenye karakana. Alifika umri wa kuingia skuli hajamwona baba yake.

Barua lakini zilikuja. Hilo siwezi kulikataa. Hazikukosa. Ndani alikuwa ananiandikia Kiswahili kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, kwa hivyo nilijisomea mwenyewe bila kumwomba mtu anisomee. Alikuwa na hati nzuri mno, yenye kuinuka na kushuka vizuri, hata shangazi alikuwa akiitazama tu kwa uzuri. Shida ilikuwa juu ya bahasha. Anwani iliandikwa kwa herufi za Kizungu, na hati haikuwa yake. Ilikuwa ya mviringo, safi, imelazwa upande. Hati ya kike. Na nikiifungua barua inatoka harufu kali, tamu kidogo, inapanda puani. Manukato ya mwanamke wa Kizungu, nikasema. Kamwandikia anwani na kajipaka.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mtoto mgongoni, kwenye nyumba ya watu. Nilizisoma zile barua na nilizichukia zile bahasha.

Nchi hii ilipofungua milango kwa watu wa asili yake tukaja, sisi kutoka Mombasa, yeye kutoka London, tukakutana Maskati kama wageni. Alikuwa na koti zito na pua iliyopinda. Pua niliyomwacha nayo ilikuwa imenyooka.

"Nani kakuvunja?"

"Nilikuwa nnacheza ngumi."

"Umri huu?"

"Kulikuwa na mzee, bondia mkubwa wa zamani, ana ukumbi wa kufundisha. Alinipa pahala pa kulala. Nilikuwa nnafagia, nnamwandikia matangazo yake ya mashindano, na jioni ananifundisha."

"Na anwani nani aliyekuandikia?"

"Mtoto wake."

"Mtoto?"

"Mtoto, mke wangu. Mtoto mdogo."

Sikumwamini. Mtoto gani mwenye hati ile? Lakini mume kesharudi, utafanyaje, nikaliweka moyoni. Liliganda huko muda wote tuliokaa pamoja, na lilikuwa linanitoka kidogo kidogo kwa samaki.

Kazi aliyotoka nayo huko ndiyo iliyotulisha. Alifungua kiduka mtaa wa Hamriya, akawa anaandika vibao vya maduka kwa brashi, Kiarabu upande mmoja, Kizungu upande wa pili. Halafu akajifunza kuchonga shaba na marumaru, tukahamia Ghala, mtaa wa magereji, kwenye karakana kubwa, na sasa kuna mashine ya kompyuta inayochonga wakati mtu anakunywa chai. Mwanangu anaiendesha karakana tangu baba yake alipougua. Ni hodari, anasali, hamdhulumu mtu. Ila ana haraka, na anajali sana watu watasema nini.

Haya. Sasa ndiyo tunafika kwenye jambo lenyewe.

Mjukuu wangu wa kike, binti ya huyo mwanangu, ana kazi yake ofisini, lakini barua za Kizungu za karakana anazijibu yeye. Siku moja baada ya alasiri alikuja nikiwa nnakata bamia. Akasimama mlangoni, na akisimama mlangoni ujue kuna neno.

"Bibi, kuna barua imekuja karakana. Ina wiki sasa. Baba kaiona akaiacha."

"Ya nani?"

"Ya mwanamke. Kutoka London. Anamuulizia Babu."

Kisu nilikiweka chini. Nnawaambia ukweli, nimefika miaka themanini na moyo ulinipiga kama wa mwari. Kaja, nikasema. Mwenye bahasha kaja.

"Sitaki kuisikia."

"Bibi, ni bikizee."

"Hata mimi ni bikizee. Ndiyo nini?"

"Hebu sikiliza tu mwanzo."

Akanisomea, anaugeuza Kizungu kuwa Kiswahili chake kile cha kuchanganya. Mwanamke anasema yeye ni mtoto wa mwisho wa yule bondia. Baba yake alikuwa Myahudi, alipigana ngumi enzi za Vita vya Pili havijaja, watu wa mtaa walikuwa wakimbeba mabegani, na alipozeeka akawafundisha vijana kwenye ukumbi ulio juu ya duka la mikate. Sasa watu wa mtaa wanataka kuweka kibao cha shaba kwenye ukuta wa jengo lile, jina lake lisipotee. Kwenye makaratasi ya baba yake, aliyefariki zamani, ameikuta barua ya mwisho ya mume wangu, iliyotoka Hamriya, ina sanduku la posta la duka, lile lile tulilonalo mpaka leo. Mume wangu alimwandikia yule mzee: siku watakapokukumbuka, jina lako nitalichonga mimi.

"Wanaweza kukichonga huku," mjukuu akasoma, "lakini nimewaambia wangoje mpaka mwisho wa mwezi. Kama aliyeahidi yupo, au duka lake lipo, baba yangu angependa iwe hivyo."

Myahudi. Neno hilo mume wangu hakulitamka hata siku moja. Mzee, alisema. Mwenye ukumbi, alisema.

"Kuna zaidi," mjukuu akasema. "Anakuuliza wewe."

"Ananiuliza mimi? Ananijuaje?"

"Anasema: nilikuwa na miaka kumi na mbili, na mimi ndiye niliyekuwa nikiandika anwani kwenye bahasha."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Miaka kumi na mbili.

Akaendelea. Baba yake alikuwa na sharti moja kwa mume wangu: hakuna barua, hakuna glavu. Kila Ijumaa mchana, Sabato yao haijaingia, mume wangu alikalishwa kwenye benchi, mikono imetoka kuchuliwa dawa ya viungo, akapewa karatasi. Mtoto alisimama nyuma yake kumtazama anavyoandika kutoka kulia kwenda kushoto, kama vitabu vyao vya sala, akaona ajabu mtu huyu mgeni anaandika kwa upande wao. Kisha yeye akaandika anwani, akalamba stempu, akakimbia posta. Mama yake akipita na samaki wa kukaanga alisema, muulize mkewe mtoto kaota meno? Na Jumamosi wao hawawashi moto, kwa hivyo samaki wa Ijumaa walimla baridi, na mume wangu alikula nao.

"Anauliza hivi, Bibi. Zile barua, zilifika?"

Niliinuka nikaenda chumbani kwangu, nikalivuta sanduku lililo chini ya kitanda, nikazitoa. Zimekuwa laini kama kitambaa. Nikapeleka moja puani, na harufu bado ipo, kidogo sana, chini kabisa ya vumbi. Dawa ya kuchua misuli! Wenye magoti kama mimi tunaijua. Ningeinusa vizuri siku zile ningeijua, lakini wivu hauna pua. Na ndani, kwa ile hati yake nzuri, barua baada ya barua: mtoto kaota meno? Nilikuwa nikisema, huyu mwanamume hajui kitu kengine cha kuuliza?

Alikuwa anaulizishwa.

Nikarudi jikoni, nikamaliza bamia zangu, nikamngoja mwanangu.

Alikuja wakati wa chakula, akanawa, akakaa. Nikamwacha ale matonge mawili.

"Kuna barua ya London."

Akamtazama binti yake. Binti yake akafungua friji akatia kichwa ndani, anatafuta sijui nini.

"Mama, hilo nimeshaliacha."

"Baba yako hakuliacha."

"Mama, itazame dunia ilivyo. Nnaamka naona Ghaza, nnalala naona Ghaza. Halafu nende Ghala niwashe mashine nichonge jina la Yahudi? Pale karakana wanaingia watu wa kila namna. Wataniambia nini?"

"Watakwambia umechonga."

"Si mzaha, Mama."

"Sina mzaha. Mimi na wewe tunalia kilio kimoja kwa wale watoto, na dua yangu unaisikia kila sala. Lakini huyu mzee kafa wewe hujaoa. Nyumba ya nani kaibomoa? Alichokivunja, ninachokijua mimi, ni pua ya baba yako, na hiyo kaivunja kwa glavu."

Ndani ya friji kulitoka kicheko. Mwanangu hakucheka.

"Baba mwenyewe hana hata herufi moja kaburini," akasema polepole. "Sisi hatuandiki. Jiwe kichwani, jiwe miguuni, basi. Baba yangu mimi simwandikii, nimwandikie mtu asiye wetu?"

Hapo alinipata. Mkinipeleka leo kwenye makaburi yale, mawe yote sawa, siwezi kuwaonyesha lipi ni lake. Ndivyo tulivyo, na silalamiki, Mungu anawajua waja wake hawajaandikwa. Lakini alivyolisema mwanangu nilisikia kwamba hasira haikuwa ya Yahudi peke yake. Kulikuwa na kitu cha mtoto ndani yake.

"Kaburi haliandikwi," nikamwambia. "Huu ni ukuta. Na wao wanaandika. Baba yako aliahidi kwa desturi yao, hakuahidi kwa yetu. Yeye hawezi tena kushika tindo. Wewe unaweza. Ukikataa, aliyevunja ahadi ni yeye, na yeye hawezi kujitetea."

Akanawa mkono, chakula hakijesha.

"Basi. Kitachongwa. Lakini nnakwambia kweli, Mama, sitaki kukiona. Nitampa fundi, atachonga, atakifunga, ataleta."

Nikakubali. Kosa langu lilikuwa hapo. Nilidhani alimradi kibao kipo, yatosha.

Mjukuu alikuwa na safari ya kazi London, wiki mbili, ndege Jumamosi asubuhi. Akaandika kule kwamba atakuja nacho mwenyewe. Yule mwanamke akajibu siku ile ile, akasema anangoja. Jumatano fundi akakileta, kimefungwa kwa magazeti na plastiki. Mwanangu alikiweka juu ya meza ya jikoni bila kukifungua, akageuka aondoke.

"Ngoja," nikamwambia. "Kifungue. Nnataka kukiona mimi."

Binti yake akakifungua. Kilikuwa kizuri, siwaongopei. Shaba inang'aa, herufi zimezama sawasawa. Mimi Kizungu nnasoma majina ya maduka tu, lakini mstari wa chini kabisa niliusoma bila ya msaada, kwa sababu upo kwenye mlango wangu wa mbele.

Ni kabila letu.

"Hii nini?" nikasema.

Mjukuu akainama. Akasoma jina la yule mzee, akasoma "bondia, alifundisha hapa", akasoma kabila letu. Akatia mkono mdomoni.

Lazima mwelewe karakana yetu inavyofanya kazi. Vibao vingi tunavyochonga ni vya milango ya watu wa hapa. Jina, la baba, la babu, kisha kabila. Kompyuta imepangwa hivyo, na nafasi ya kabila ukiiacha tupu inagoma. Mwanangu akampigia fundi simu, kaiweka sauti kubwa, mshipa wa shingo umemsimama. Fundi wetu ni Mmalabari, Mhindi wa kusini, yuko na sisi zaidi ya miaka ishirini, na Kiswahili kakichuma humu humu kwetu.

"Umeandika nini wewe?"

"Bosi, nafasi ya kabila ilikuwa tupu. Mashine inakataa."

"Ungeniuliza!"

"Bosi ulisema usinionyeshe, usiniulize. Nikatazama, kazi imetoka nyumbani, Mama mwenyewe kaiagiza. Nikasema huyu mtu wa nyumbani. Nikatia kabila la nyumbani."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikavuta kiti nikakaa, machozi yananitoka, na mjukuu akanifuata. Mwanangu amesimama katikati yetu na simu mkononi, hajui ende wapi.

"Haya," nikamwambia nilipopata pumzi. "Hukutaka kumtazama, umempa kabila. Sasa ni ami yako."

"Mama!"

"Mpe salamu."

Alikaa. Akakivuta kile kibao mbele yake, na kwa mara ya kwanza akalisoma lile jina. Midomo ilikuwa inacheza. Ikabaki Alkhamis na Ijumaa, na Alkhamis mashine ilikuwa na kazi ya watu ya kuondoka siku ile ile. Mjukuu akasema, basi nitawaandikia, watachonga wenyewe. Nikaona namna alivyoiviringisha ile plastiki mkononi, na nikamfikiria yule mwanamke anayengoja. Kalamba stempu zangu zote, na kitu kimoja anachotuomba tunamletea kabila.

"Ijumaa," mwanangu akasema. "Nitakwenda mwenyewe."

Akatoka msikitini, akala, akanikuta nimeshavaa buibui langu niko mlangoni.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Ghala."

"Kuna joto, kuna vumbi, hakuna mtu."

"Ndiyo nitapata pa kukaa."

Ghala siku ya Ijumaa magereji yote yamefungwa, husikii nyundo wala tingatinga. Alinifungulia karakana, akanitolea kiti cha baba yake, kile cha chuma chenye mto wa kushonwa. Mashine hakuiwasha. Anayeijua ni fundi, na fundi alikuwa mapumzikoni. Akatafuta kwenye droo ya chini akatoa tindo za marehemu, zimefungwa kwa kitambaa chenye mafuta, na nyundo ndogo. Alifundishwa kuzitumia akiwa mtoto na hakuzishika tangu mashine zije. Akachora mistari kwa penseli juu ya shaba mpya. Akainama. Mguu wa kushoto mbele, kidevu kimeingia ndani. Baba yake alisimama vivyo hivyo, hata akikata samaki.

"Macho wazi," nikamwambia. Ndilo neno baba yake alilokuwa akimwambia pale pale.

"Nnajua, Mama."

Akapiga herufi ya kwanza, ya pili. Polepole. Jasho linamdondoka anafuta kwa kiwiko. Nilimwacha afike nusu ya jina, kisha nikafungua mkoba wangu nikatoa barua tatu zile za zamani.

"Unajua baba yako alipokuwa huko alikuwa ananiuliza nini?"

"Nini?"

Nikamsomea. Mtoto hajambo? Mtoto kaota meno? Nikachukua ya pili. Mama wa nyumba hii anauliza, mtoto kaota meno, na kama bado, anasema umsugue ufizi kwa kitambaa cha maji baridi. Nilikuwa nimesoma maneno hayo zamani nikadhani mama wa nyumba ni huyo mwenye manukato.

Nyundo ikasimama.

"Mtoto gani?"

"Kwani nilikuwa na wangapi?"

"Mimi?"

"Wewe. Mke wa huyo unayemchonga alikuwa akipita na sahani ya samaki anauliza meno yako. Baba yako alikuwa hajakuona. Mzee yule ndiye aliyemkalisha kitako, hakuna barua, hakuna glavu. Bila yeye, mwanangu, baba yako angetuandikia mara ngapi? Nnamjua mume wangu. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa mvivu wa kalamu kama si kazi."

Aligeuza uso akatazama upande wa mlango, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa jua. Nami nikakunja barua zangu, nikaziingiza mkobani moja moja, ili apate nafasi. Alipoinama tena hakufanya haraka. Jina lile alilipitia mara mbili, kina kimoja, na kila akimaliza herufi anaifuta vumbi kwa kidole gumba. Mpaka alasiri. Mstari wa chini akauacha mtupu, shaba safi.

"Kwenye tindo hizi alitakiwa awe Baba," akasema.

"Hapa alitakiwa mtu wa nyumba yake. Nawe upo."

Mjukuu akakibeba Jumamosi kwenye begi la mkononi, uwanja wa ndege wakamsimamisha, akawaambia ni cha mwalimu wa babu yake, wakampitisha. Nilimpa na jawabu. Nililiandika mwenyewe kwa herufi za chuoni, kwenye karatasi, na yeye alifasiri chini yake. Zilifika zote. Mtoto kaota meno, na sasa yamepunguka. Nilikuchukia miaka mingi kwa hati yako nzuri, nisamehe, nilidhani ni ya mwanamke mzima.

Wiki ile akatuletea video. Ukuta wa matofali mekundu, mvua ya rasharasha, watu hawazidi thalathini wamevaa makoti, na bikizee mfupi ana fimbo. Walipovuta kitambaa hakupiga makofi. Alikwenda karibu, akatia kidole ndani ya herufi, akaifuata mpaka mwisho wake, kisha nyengine, kama anayeandika anwani. Mjukuu akampa karatasi yangu. Alisoma ile fasiri akacheka hadi fimbo ikamtoka, kisha akaitazama ile hati yangu ya kulia kwenda kushoto, akaikunja, akaitia kifuani.

Mwanangu aliitazama video hiyo jikoni kwangu, amesimama, halafu akaomba irudishwe mwanzo. Akaitazama tena amekaa.

Kikabaki kile kibao cha kwanza. Kilikuwa bado juu ya kabati, na Yahudi wa watu ndani yake na kabila letu. Mwanangu akakishusha.

"Hiki nitakisugua, shaba yake itatumika."

Mke wake akasema ni bora, wageni wakikiona watasema nini.

Nikakichukua mikononi mwake. Nikawaita wote waliokuwamo ndani siku ile, wakubwa na wadogo, wakajipanga pale jikoni wanadhani nimeibiwa. Nikawaambia maneno haya, na nyinyi mnaosoma yanawahusu vile vile:

"Hiki kitundikwe hapa, juu ya pahala tunapokaangia. Alkhamis kisuguliwe kwa ndimu na chumvi. Ijumaa mkaange, Jumamosi mle baridi, na nisisikie mlio wa maikrowevu. Akiuliza mtu, aambiwe yote, na neno Myahudi litamkwe kwa sauti. Na wageni wakija, wawe nani, kisishushwe."